Duara Ndani ya Pembetatu

Pale karakanani kigoda kikikamilika hupinduliwa, kikachomwa alama chini kwa nondo ya moto. Alama ilikuwa moja tu, duara la baba mkwe. Mama Nyundo alikuwa amepiga msasa vigoda mpaka vidole vikawa laini kama vya mtoto, lakini hakuna hata kimoja kilichobeba alama yake.

Nyundo ni bintiye wa miaka mitatu. Babu yake alimpa jina hilo kwa kuwa hugonga chochote kinachogongeka. Siku moja alipanda kigoda, akasimama ukingoni kabisa, kikabinuka naye, kidevu kikapasuka. Jeraha halijafunga vizuri, mwalimu wa chekechea akaja na kilio hichohicho: vigoda alivyonunua hapo vinaangusha watoto.

"Mzee, nitarudi Ijumaa," alisema. "Nikikuta kimoja kisichoanguka, nachukua vya darasa zima. La sivyo nanunua vya plastiki."

Alipoondoka, baba mkwe alinung'unika. "Watoto hawajui kukaa katikati, lawama kwa fundi."

"Baba, niachie mimi nijaribu," Mama Nyundo alisema.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, jitu la miraba minne lenye mdomo usio na breki, alicheka mpaka akaegemea meza. "Shemeji, msasa umekukosea nini?"

Mzee hakucheka. "Jaribu. Lakini kikianguka mbele ya mwalimu, unarudi kwenye msasa, na habari hizi nisizisikie tena."

Namna ya mzee aliijua. Kamba iliyochora duara la kiti ndiyo hiyohiyo inayotembezwa ukingoni, nayo huingia mara sita bila kubaki wala kupelea. Unatoboa alama moja, unaruka moja, na miguu mitatu inaachana sawasawa. Chini ya kiti miguu hushuka wima.

Alikiweka sakafuni kile kigoda kilichomwangusha mwanawe, akakizungushia chaki, akatia alama pale miguu ilipokanyaga, akaziunganisha. Ikatokea pembetatu yenye pande sawa, imekaa ndani ya duara. Nje yake vikabaki vipande vitatu vilivyopinda kama maganda ya tikiti.

"Nyundo, njoo," alimwita bintiye. "Siku ile ulisimama wapi?"

Mtoto akaja mbio, akasimama juu ya ganda moja. "Hapa."

Hapo chini hapakuwa na mguu. Mama Nyundo akachuchumaa, akamtazama mwanawe na kile kidevu chenye plasta, na jambo likamkaa kichwani. Pembetatu ilikuwa ndani, na duara linaning'inia nje. Je, likiwa ndani duara?

Akachora upya. Safari hii mistari mitatu ililigusa duara kwa nje tu, kila mmoja katikati yake, na pembe zikaenda mbali. Akashika kamba ya duara, akapima kutoka kitovuni hadi kwenye pembe. Ikaingia mara mbili kamili. Hakujiamini. Akachora kwa beseni, akachora kwa mfuniko wa sufuria. Mara mbili, mara mbili. Akacheka peke yake, akajifuta uso kwa mkono wenye chaki, akazidi kujipaka.

Kiti hakukibadilisha. Miguu ndiyo aliyoirefusha na kuitobolea matundu ya mshazari, mpaka kila mmoja ukatua juu ya pembe yake ya chaki. Keekee ya kutobolea ilimpotoka mara ya kwanza, ubao ukapasuka, akaanza tena bila kumwambia mtu.

"Hiki ni kigoda au ndama aliyezaliwa asubuhi?" shemeji aliuliza alipokiona.

"Ndama huyo atakubeba, ngoja tu."

Ijumaa mwalimu alifika. Alikalia ukingo, akahama, akakalia upande mwingine. Kigoda hakikuyumba. Mama Nyundo akamgeukia shemeji. "Panda. Simama pale ambapo hapana mguu."

"Nikivunjika shingo, utamweleza kaka."

"Nitamweleza ulikuwa mnene."

Akapanda, visigino vikiwa juu ya ukingo wenyewe, akajitikisa makusudi. Ubao ulilia kidogo. Miguu haikuinuka sakafuni hata unywele. Akashuka, akainama kuichungulia miguu.

"Nachukua," mwalimu alisema. "Vya darasa zima, vya namna hii."

Mzee alikipindua kigoda, akatia nondo motoni, akachoma duara lake dogo. Kisha akamkabidhi mkwewe nondo ikiwa bado nyekundu.

"Na wewe tia yako, mwanangu."

Mama Nyundo akaipokea. Alichoma mistari mitatu kulizunguka duara la mzee, kila mmoja ukiligusa katikati, moshi mtamu wa mbao ukimpanda puani.

"Shemeji," alisema bila kuinua macho, "msasa uko nyuma ya mlango."

Kigoda kilipogeuzwa tu, Nyundo alikuwa ameshapanda, amesimama ukingoni kabisa, anagonga ubao kwa miguu yote miwili. Mama yake alimtazama, na hakunyoosha mkono kumshika.