Viatu vya Kulalia

Msimu wa kukausha tumbaku, harufu yake ilitoka kwenye mabani, vibanda vya kukaushia, ikatufuata hadi chini ya blanketi, nyumbani kwetu Katumba. Nilikuwa darasa la tatu, na sisi watoto wanne tulilala na viatu miguuni. Vilikuwa yeboyebo, vya plastiki, vinavyounguza kwa jasho, na kila jioni mama alipita akivikaza kwa kamba. Mama aliikimbia vita Burundi akiwa mtoto, na habari za huko hakuzigusa kabisa. Nami nilidhani kila nyumba hulala hivyo.

Likizo ilipofika, baba alinipeleka Mwamkulu kwa rafiki yake wa kanisani, nikasaidie kufukuza ndege kwenye mpunga pamoja na binti yao, Neema. Jioni nikapanda kitandani na viatu vyangu, juu ya shuka jeupe. Mama Neema akaja kutufunika, akashangaa.

"We mtoto, viatu kitandani? Kwani unakimbia wapi?"

Neema alicheka hadi akashika tumbo. Kaka yake, mlangoni, akasema, "Si ndio wakimbizi hao?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilivua viatu, miguu ikanuka, wakacheka upya. Siku zote nilizokaa pale sikuweza kumtazama mtu usoni, na nilimwonea mama aibu kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba silali tena na viatu, kwa sababu watu wanatucheka. Nilitegemea kofi. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akaitazama miguu yangu.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "mdogo wangu alikuwa peku. Kisiki kikamchoma, akashindwa kukimbia. Nikamwachia mkono."

Alivivua viatu vyangu, akaviweka chini. Kuanzia siku ile alihamishia mkeka wake chumbani kwetu, akawa analala kando yangu, viatu vyake miguuni.

Leo sisi ni raia, nina nyumba Mpanda mjini, na binti yangu anavitupa viatu sebuleni na kwenda kulala bila wasiwasi. Mama akija kututembelea, huomba kulala chumba kimoja na mjukuu wake. Asubuhi nikienda kuwaamsha, namkuta kavaa viatu, ameushika mkono wa mtoto. Ninaurudisha mlango polepole, maana sina uso wa kumwambia avivue.