Kanzu ya Jirani

Kila nikipiga pasi shati jeupe likiwa na unyevu, ile harufu hunirudisha kwenye chumba chetu cha Shauri Moyo.

Mama na jirani yetu walisali kanisa moja, lile la kanzu nyeupe na la kuacha viatu mlangoni. Kanzu zao walizifua pamoja kila Jumamosi, karai moja, maji yakiwa na bluu. Jirani ndiye aliyepiga ngoma ibadani. Halafu Jumapili moja Mama akasimama akitetemeka, akasema ameonyeshwa nyoka amejikunja chini ya ngoma ile. Hakutaja mtu. Watu wenyewe ndio waliomgeuzia jirani macho. Mwezi haukuisha kabla nusu ya waumini hawajaondoka naye kwenda kuanzisha kanisa lao.

Kanzu yake ilibaki kwenye nguo zetu chafu. Mama aliifua, akaipiga pasi ya makaa, kisha akakaa kitandani ameipakata.

"Niliona kweli," akaniambia, kana kwamba nimemuuliza. "Lakini sikuambiwa niseme."

Akanituma niipeleke. Jirani aliipokea, akainusa kwa muda, halafu akanirudishia.

"Mwambie mama yako asante. Lakini sisi siku hizi tunavaa kijani."

Nilimfikishia Mama maneno hayo vile vile. Aliichukua ile kanzu safi, akaitumbukiza kwenye karai, akaanza kuifua upya.