Fidla ya Mzee Gharib kwenye Santuri

Mzee Gharib alikuwa mshona kanzu wa Mkunazini, na kwenye klabu yetu ya taarab ndiye aliyekuwa mpiga fidla wa kwanza tangu baadhi yetu hatujaota meno. Yakaja Mapinduzi, wapigaji wenzake wakatawanyika, yeye akabaki na kiti chake na maringo yake. Akipiga, sauti moja aliiburura mpaka kwenye nyengine, taratibu, kama bibi harusi asiyetaka kuondoka kwao.

"Hivi ndivyo walivyopiga wakubwa," akisema. "Sikuongeza, sikupunguza."

Mwaka 1970, Idd ikikaribia, kiongozi wetu Shamsi alitaka kiti kile akikalie Masoud, kijana wa vidole vyepesi aliyejifunza kwa kusikiliza redio ya Misri.

"Ami, unatuchelewesha," Shamsi alimwambia mbele ya watu. "Mwimbaji keshamaliza beti, wewe bado uko njiani."

Mzee hakugombana. Alisema ataleta santuri aliyopiga ujanani, kabla ya vita vya Hitla. Tukisikia mapigo ya asili, kiti kibaki chake. Shamsi akakubali. Mzee mwenyewe alikuwa hajaisikia miaka mingi, maana gramafoni yake ilishakufa. Lakini kuikumbuka, alikuwa akiikumbuka vizuri tu.

Akaja nayo imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha melikani. Tukaazima gramafoni, Shamsi akaijaza kwa ufunguo, akaweka sindano.

Ikatoka fidla kavu, ya haraka, imekatwa vipande vipande kama kachumbari. Haikuburura popote.

"Huyo nani?" Masoud aliuliza, na wallahi hakuuliza kwa ubaya.

"Gramafoni inakimbia," mzee akasema.

Shamsi akapunguza mwendo. Mwimbaji akanguruma kama fahali, fidla bado imenyooka.

"Sindano mbovu, basi."

Ikabadilishwa.

"Mzee," nikasema, "tubadilishe na masikio?"

Watu wakacheka. Yeye akasogeza kiti, akasikiliza upande mzima mpaka ikabaki kukwaruza.

"Ni mimi," akasema. "Nlikuwa nikipiga kama Masoud."

Kumbe kule kuburura kulimwingia baadae, kidogo kidogo, labda kwenye harusi ndefu za Mbweni, labda kwa uzito wa vidole tu, naye akakutunza kama amana ya wakubwa. Wakubwa wenyewe hawakuwa na habari nako.

Masoud akapewa kiti. Mzee akawekwa nyuma. Alijaribu kunyoosha, vidole vikakataa. Alipojaribu kuburura, alisita katikati, upinde ukaning'inia hewani. Siku ya Idd hakuja.

Nilimkuta kwenye cherehani yake.

"Rudi, mzee. Piga kama unavyopiga wewe."

"Nnapiga vipi mimi?" akauliza, akaacha kukanyaga, akanitazama.

Kisha akaingiza tena kitambaa chini ya sindano, akaendelea kushona.