Siku Niliyotafsiri Kijusi

Nilipomaliza chuo na kukosa kazi, nilihamia kwa dada yangu mkubwa mjini Migori, na kanisa lake likanipa kazi isiyo na mshahara: kutafsiri. Waumini ni Wajaluo, Wakuria na walimu waliotoka mbali, kwa hiyo mgeni akizungumza Kiingereza, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Sabato moja alasiri walialikwa wakili na muuguzi waje kuzungumzia sheria na utoaji mimba. Nilihangaika juma zima, na sababu ilikuwa dada, ambaye ni shemasi. Miezi michache kabla ya hapo, mimba yake ikiwa ya miezi mitano, presha ilimpanda hadi akawa haoni vizuri, na madaktari wakaitoa ili wamwokoe. Minong'ono ikaanza kwamba shemasi ametoa mimba. Hakuna aliyemvua ushemasi. Yeye mwenyewe aliacha kwenda kanisani. Safari hii alisema atakuja kunisikiliza, na akikuta anasemwa, hatarudi tena.

Basi nikawa nawaza neno la kukiita kilicho tumboni. Nikisema "mtoto", nimemhukumu dada. Nikisema "mimba", wazee watadhani nimechagua upande. Katika kamusi nikapata "kijusi", neno la kitaalamu lisilo la mtu yeyote. Nililipenda mno.

Wakili alianza kwa kusema kwa Kiingereza kwamba Katiba inatambua kuwa uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Nikatafsiri kwa ujasiri: kijusi kina haki, kijusi kinalindwa. Bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye kanisa zima humwita Dani, yaani nyanya, akainua mkono.

"Mwanangu, hicho kijusi ni cha matunda ama ni cha pakiti?"

Kwetu juisi ni jusi, na Dani alidhani tumeletewa jusi kidogo. Watu walicheka hadi wakili akataka kujua amekosea wapi. "Ni mtoto aliye tumboni," nikasema, na neno nililolikwepa juma zima likanitoka kwenye kipaza sauti. Niligeuka kumtazama dada. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Muuguzi akaeleza kwamba Katiba hiyo hiyo inakataza kutoa mimba, isipokuwa kama kwa maoni ya mtaalamu wa afya kuna dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Mzee wa kanisa, ambaye si mtu mkali, aliuliza hatari hiyo inapimwaje, maana mlango ukiachwa wazi hivyo kila mtu atapita. Muuguzi akamjibu kwamba ameona wanawake wakifa mbele ya mlango uliofungwa. Mzee alisema "mtoto", muuguzi akasema "mimba", nami nikawa narudia la kila mmoja, nikihesabu dhambi zangu za tafsiri.

Ndipo dada akasimama. Hakuomba kipaza sauti.

"Mnanijua. Alikuwa mtoto wangu, na jina nilikuwa nimeshampa. Daktari aliniuliza, nikasema ndiyo. Bila hivyo mngetuzika wawili. Nataka nimlilie bila kuulizwa kama nilimpenda."

Wakili aliniinamia anong'onezwe dada amesema nini. Kiingereza chote nilichosomea kilinipotea.

 Mzee wa kanisa akasema kwamba swali lake la mlango bado analo, na huenda akafa nalo, lakini si la kuulizwa dada huyu. Akamwambia kiti chake miongoni mwa mashemasi hakijakaliwa na mtu. Dani hakungoja amalize. Alitoka mbele akajikokota hadi nyuma, akaketi kando ya dada, akamwuliza mtoto aliitwa nani. Dada akamwambia sikioni. Mimi sikulisikia jina hilo, na sijaliuliza.

Nyumbani nilianza kumwuliza dada kama "kulindwa" lilikuwa neno sahihi.  Jua lilipotua na Sabato kuisha, alifungua sanduku, akatoa nguo yake nyeupe ya ushemasi iliyokuwa ikinuka dawa ya mende, akanitupia.

"Fua," akasema. "Wewe ndiye huna kazi."

Niliifua mara mbili, nikaianika penye upepo.