Majaliwa, Fundi wa Upepo

Siku ya kwanza nilipomwona Majaliwa bin Sabiti nilitaka kumfukuza. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1954, na jua la Usukuma lilikuwa limeshakausha kila kitu isipokuwa midomo ya watu. Alifika shuleni kwetu akisukuma baiskeli yenye mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe: kamba, taa ya chemli, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi kama ile ya wahunzi, na bunda la kitambaa cheupe. Akasema anatoka Geita, amefanya kazi mgodini miaka kumi na minne, na njiani, kule Mhunze, ameambiwa kwamba shule yetu ina kisima kisichotumika.

Alinizidi miaka ishirini, lakini hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia kwamba hapa hakuna dhahabu.

"Dhahabu nimeichoka, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya maji."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila aliyepita darasani kwangu atakwambia. Ila siku ile nilikuwa na sababu. Kisima alichokitaja kilimuua kaka yangu.

Kilikuwa nyuma ya darasa, kimefunikwa kwa magogo na miiba. Miaka miwili kabla ya hapo mimi ndiye niliyemwomba kaka yangu Thobias akichimbe. Tulikuwa na watoto sitini na wawili, wote wakinywa maji ya lambo wanamokanyaga ng'ombe, na haikupita wiki bila mtoto kulala kwa kuharisha. Thobias na rafiki yake Kalisti walichimba futi arobaini. Udongo ukaanza kuwa na unyevu, kisha wakakuta jiwe. Thobias akasema atalipasua kwa nyundo na patasi, hata ikichukua wiki tatu. Mimi nikaona anachelewesha mambo. Shambani tukitaka kupasua jiwe tunaliwashia moto, likishika joto tunalimwagia maji. Nikamwambia afanye vivyo hivyo. Hakupenda, lakini mimi ndiye niliyesoma, na alizoea kunisikiliza. Kuni zikashushwa, moto ukawaka mchana kutwa, jioni tukamwaga maji. Kesho yake asubuhi, majivu yalipokwisha kupoa, Thobias akashuka. Akaanguka bila kusema neno. Kalisti akashuka kumtoa, naye akaanguka papo hapo.

Watu wakasema kisima kina mwenyewe asiyeonekana, na mwenyewe hataki wageni. Nami, mwalimu mzima, nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali.

Thobias aliacha mjane, Scolastika, na binti mmoja, Esta. Tangu siku ya mazishi Scolastika aliacha kuniita shemeji. Aliniita Mwalimu, kama mtu niliyekutana naye sokoni. Esta alikuwa darasa la pili, na mwezi ule Majaliwa alipofika alikuwa ametoka kulala wiki mbili akiharisha damu.

Adhuhuri Majaliwa aliomba maji ya kutawadha. Nikampa kata ya maji ya lambo. Aliyatazama kwa muda, akanirudishia kata taratibu, akapiga viganja juu ya udongo na kujipangusa kama dini yake inavyomruhusu mtu asiye na maji.

"Udongo wenu ni msafi kuliko maji yenu," alisema alipomaliza kuswali. "Watoto wanakunywa haya?"

Jioni ile nilimwonyesha mahali pa kulala.

Asubuhi tuliondoa miiba na magogo. Watu walikuja, wakasimama mbali. Majaliwa aliwasha taa ya chemli, akaifunga kwenye kamba na kuishusha polepole, nami nikaona kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Taa iliteremka ikiwaka vizuri, ikafika kama futi ishirini na tano, mwali ukawa mwekundu, ukasinyaa, ukazimika. Akaipandisha, akaiwasha, akaishusha tena. Ikazimika palepale. Mara ya tatu ilikuwa hivyo hivyo, kana kwamba kuna mkono unaoingoja. Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, alirudi nyuma hatua tatu.

Majaliwa hakutikisika. Alifungua bunda lake, na kumbe kile kitambaa kilikuwa mfuko mmoja mwembamba mrefu kama mkono wa kanzu usiokwisha, wa pamba ya marekani uliopakwa nta. Aliushona mwenyewe. Mgodini kazi yake ilikuwa moja tu, kuzungusha pangaboi la kupeleka upepo kwa wachimbaji wa chini, na alipoacha kazi, sikio moja likiwa limekufa kwa kelele za baruti, alijiuliza upepo huo aupeleke kwa nani. Alikuwa ameshafufua visima viwili vya shule upande wa Nyahanga. Kila shule alichimba na choo pia, na hakuondoka mpaka amewaona walimu wenyewe wakikitumia. Aliomba chakula na mahali pa kulala, basi. Nilimdhania tapeli kwa sababu sikuwahi kuona mtu wa namna hiyo.

Alishusha mfuko mpaka chini, akafunga mdomo wake kwenye mivukuto, akaanza kupuliza. Alipochoka nikashika mimi. Tulipuliza asubuhi nzima. Jua lilipofika utosini akaishusha taa, nasi tukaitazama ikipita pale ilipozimikia, ikaendelea kushuka, ikatua juu ya jiwe futi arobaini chini, inawaka. Ule mwanga mdogo uliotulia mahali alipofia kaka yangu ulinifanya nivue kofia bila kuambiwa. Sijui kama niliogopa au nilifurahi. Machozi yalinitoka tu.

Akajifunga kamba kiunoni.

"Mwalimu, wewe ndiye pumzi yangu," aliniambia. "Ukiona unachoka, mpe mwingine kabla hujachoka. Usiache."

Nilipuliza kama mwendawazimu. Nilisema moyoni kwamba nikimuua na huyu, nami nitashuka. Ndoo ya kwanza ilipopanda ilijaa majani makavu. Ya pili ilijaa makaa.

Alipotoka aliniita pembeni, akiwa ameshika kipande cha kaa.

"Humu mliwasha moto?"

"Ndiyo."

"Na wale waliofia humu walishuka lini?"

"Kesho yake."

Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto hesabu, kwamba moto hula hewa njema na kuacha mbaya, na hewa mbaya haina harufu wala haionekani, hutulia chini kama maji ndani ya mtungi. Mgodini wasingemshusha mtu kabla ya kupuliza upepo na kutanguliza taa.

"Kwa hiyo ni mimi," nilisema.

Nilingoja anikatalie. Hakunikatalia.

"Hukujua," alisema. "Sasa unajua, lakini watu wako hawajui. Maji nitayatoa. Ila hakuna atakayekunywa maji ya kisima chenye mwenyewe. Hilo la pili siliwezi mimi."

Alilipiga jiwe lile siku tisa. Mimi nilipuliza kila siku baada ya masomo, na kabla ya masomo, na kusema kweli wakati wa masomo pia. Siku ya kumi nyundo ikabadilika sauti, na Majaliwa akapandishwa akiwa amelowa mpaka magotini. Maji yalipokwisha kutulia tuliteka ndoo moja, tukaiweka ukingoni kila mtu aione. Yalikuwa meupe, ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini yake. Hakuna aliyesogea. Kina mama walipita na mitungi yao, wakienda lamboni.

Nilikaa na ile ndoo siku mbili. Nilijua nikisema, mwanangwa atajua, wazazi watajua, wanafunzi watajua, na Scolastika atajua kwamba mumewe hakuuawa na kitu kisichoonekana bali na shemeji yake mwenye haraka. Nilijua pia kwamba nikinyamaza Esta ataendelea kunywa lambo.

Siku ya tatu nikapiga kengele ya shule, watu wakakusanyika. Majaliwa hakuja. Alikuwa mbali kidogo akichimba choo cha wasichana. Alisema choo hakingoji mkutano, na jembe lake tulilisikia muda wote. Nilieleza habari ya hewa mbaya na ya taa. Halafu nikasema, "Kisima hiki hakina mwenyewe. Thobias alitaka kulipiga jiwe kwa nyundo. Mimi ndiye niliyemlazimisha awashe moto, na moto ule ndio uliomuua yeye na Kalisti. Mkitaka mtu wa kumlaumu, ni mimi."

Mama yake Kalisti alijifunika uso kwa kanga. Kisha Scolastika akainuka kule nyuma, akapita katikati ya watu, nami nikafikiri anakuja kunipiga, na ningesimama nipigwe. Akanipita. Akaishusha ndoo kisimani, akaipandisha mwenyewe, akachota kata moja.

Akanigeukia.

"Zile kuni nilizibeba mimi, shemeji," alisema. "Mizigo minne. Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza kama ndizo zilizomuua, na sikuwa na wa kumuuliza."

Akanywa nusu. Nusu nyingine akanipa mimi.