Ndiyo, Afande

Mtaa mzima wananiita Redio. Si kwa sababu ya umbeya. Umbeya wenyewe sina hata nafasi nao. Ni kwa sababu mume wangu hasikii, na mimi ndiye ninayeongea naye. Nikimwambia chai imeiva, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anaweka nyundo chini na kuuliza kama na yeye amekaribishwa. Tukigombana, majirani wanaamua nani ana haki kabla sisi wenyewe hatujamaliza. Siku moja nililalamika kwamba chumvi imekwisha, na kabla mume wangu hajajibu, shemeji wa nyumba ya pili akanirushia pakiti juu ya ukuta. Nilimshukuru, kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira. Mwanamke anastahili kuwa na jambo moja au mawili ambayo mtaa hauyajui.

Mume wangu alikuwa mpiga mizinga jeshini. Ujana wake wote aliumalizia ubavuni mwa mzinga, masikio ameyaziba kwa pamba, na siku pamba ikikosekana, kwa kipande cha tambara. Aliponioa masikio yalikuwa yameanza kumpigia filimbi. Alipostaafu, moja lilikuwa limekufa na la pili linafanya kazi kwa kubembelezwa. Sasa hivi radi ya mbali anaiona tu.

Na jeshi likiulizwa linasema anasikia. Faili lake la utumishi limeandikwa hivyo: kusikia, kuzuri. Kwa maneno hayo hospitali ya jeshi inakataa kumpa vifaa vya masikio. Uziwi wake, wanasema, kaupata uraiani, nadhani kwa kelele za cherehani yangu.

Nilimuuliza ilikuwaje faili likaandikwa vile. Akanieleza bila aibu. Siku ya kuagwa walipangwa mstari, daktari akakaa mwisho wa chumba, akawa anamuuliza kila mmoja kama anamsikia. Wa mbele yake akajibu, "Ndiyo, afande." Zamu yake ilipofika, aliona mdomo wa daktari ukicheza kama ulivyocheza kwa mwenzake, naye akapiga mguu chini na kujibu, "Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukusema hapana?" nilimuuliza, yaani nilimpigia kelele.

"Mkubwa haambiwi hapana."

Ndivyo walivyopimwa wapiga mizinga kikosi kizima, na wote wakatoka na masikio mazuri. Mimi hanijibu hivyo. Kwa wakubwa ni ndiyo tupu, lakini mimi asiponisikia hunitazama usoni na kusema, "Rudia." Nami narudia. Ndoa yetu yote nimeisema mara mbili.

Ingekuwa ni hayo tu, ningeendelea kuvumilia. Lakini mwaka huu, mvua zilipoanza, nilikuwa naoga mkono ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Kliniki wakanipima, wakanipima tena, kisha daktari, kijana mpole, akanivutia kiti na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kitolewe, na kikishatolewa ndipo watajua kama ni kibaya. Akasema nisikawie. Wallahi, kilichonikaa kichwani ni ile sauti yake. Nikajiuliza, mimi nitamwambiaje mume wangu jambo hili kwa sauti ya chini?

Maneno ya kila siku anayaokota mdomoni mwangu: chai, maji, twende, lala. Habari mpya haiokoteki. Habari mpya sharti niipigie kelele, na kelele yangu inafika kwa fundi viatu. Mtaniambia niandike. Haya, chukua kalamu wewe, andika "mume wangu, nina uvimbe," umsogezee mezani kama bili ya maji, kisha ukae umtazame akiisoma. Mkono wangu ulikataa. Nilitaka apewe hivyo vifaa, nimkalishe kitandani, nimwambie taratibu kama watu wengine wanavyoambiana. Kliniki nikawaambia wanipe muda, nasi tukashika njia ya jeshini faili likarekebishwe.

Kumbe tulikuwa tunakwenda kutwanga maji.

Ofisi ya kumbukumbu za wastaafu ina dirisha moja la kioo lenye kitundu chini pa kupitishia karatasi. Karani anakaa nyuma yake na kuita majina kama mtu aliyekatazwa kuamsha mtoto. Mara ya kwanza mume wangu alikwenda peke yake, maana aliona haya kupelekwa na mke. Alikaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Siku ya pili vilevile. Mara ya tatu nikamfuata, nikasogea dirishani.

"Mume wangu anakuja hapa, haitwi," nikasema.

Karani akapekua daftari. "Ameitwa mara mbili, hakuitika. Tumeandika hakufika."

"Hakuitika kwa sababu hasikii. Ndicho kilichomleta."

"Mama, faili linaonyesha anasikia."

"Na hilo ndilo tunaloomba mlirekebishe."

"Basi angeitika, tungelirekebisha."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na ndicho kilichonichemsha damu. Angekuwa ananitania ningemtania. Nyuma yangu mzee mmoja akaanza, "Sikio la kufa..." Nikageuka nikamtazama, methali yake akaimalizia tumboni.

Tangu hapo tukawa watu wa njoo kesho. Barua haina muhuri. Muhuri upo lakini si ule. Mwenye kutia sahihi yuko semina. Nguo za wateja zikalala kwenye cherehani bila mikono wala kola, na kliniki wakanipigia simu kuuliza nimekwama wapi. Nikawaambia nakuja. Usiku nilikuwa najigusa titi kuona kama kile kitu kimekua, na pembeni yangu mume wangu anakoroma bila habari. Nilimchukia kidogo kwa usingizi ule, Mungu anisamehe.

Hatimaye tukapangiwa siku ya kamati. Jioni moja kabla nikamweka mezani nikamfundisha. Wakikuuliza unasikia, sema hapana. Akasema hapana. Tena. Akasema hapana. Tulirudia mpaka shemeji wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Ameshashika, Redio, mwache apumzike."

Kamati ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye nyota mabegani; daktari wa jeshi; na mwandishi. Kesi ya ngedere hiyo, hakimu nyani. Mimi nikapewa kiti mlangoni na kuambiwa ninyamaze. Mume wangu akaingia, akaona nyota, mgongo ukanyooka. Nilipouona ule mgongo nilijua tumekwisha.

"Mzee, unaomba faili lirekebishwe?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Unanisikia vizuri nikiongea hivi?"

"Ndiyo, afande."

Daktari akaandika kitu. Mwenyekiti akamtazama, kisha akauliza tena taratibu, "Yaani masikio yako hayana tatizo?"

"Ndiyo, afande."

Nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe.

"Mama, kaa chini. Mwombaji anajibu mwenyewe."

"Nisamehe, afande. Muulize jina la mama yake."

Nilidhani atanitoa nje. Badala yake akainua faili akaziba mdomo wake nalo. Kwa sauti ileile, si kubwa si ndogo, akauliza, "Mzee, mama yako anaitwa nani?"

"Ndiyo, afande."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mume wangu akawatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Alijua amekosea mahali, hakujua wapi. Nilimwonea huruma na nilitamani kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

"Ni kiziwi, hilo tumeliona," daktari akasema. "Lakini faili ni la siku aliyoagwa. Athibitishe kwamba siku ile alikuwa hasikii. Ana shahidi? Mtu aliyekuwa naye kwenye ule mstari?"

"Wa kwenye mstari wote walijibu kama yeye," nikasema. "Mmemwona anavyojibu. Ndivyo mlivyompima siku ile."

Mwenyekiti akalifungua faili, akalifunga. Alikuwa amenielewa, niliona. Niliona pia kwamba kuelewa kwake hakuna pa kuandikwa.

"Leteni shahidi," akasema. "Tutawaita tena."

"Lini?"

"Mtajulishwa."

Nje kwenye korido wastaafu wamejaa benchi, kofia magotini, karani ananong'ona majina yao nyuma ya kioo. Mume wangu akanishika mkono.

"Wamesemaje?" akauliza, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nimejibu vizuri?"

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya shahidi. Shahidi gani, na mimi nina siku ngapi za kuwatafuta wazee viziwi? Nilichoka pale pale, mpaka kwenye mifupa. Kilichotoka kikawa kile kingine, na kilitoka kwa sauti ya chini, kama nilivyokitunza.

"Nina uvimbe kwenye titi. Wanataka kunipasua, nami nawazungusha."

Alinitazama mdomo kwa makini sana.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, kwa sauti ya Redio. Benchi zima likageuka. Hata karani akainua kichwa, maana kwa mara ya kwanza kuna neno lililosikika mpaka mwisho wa korido. Mume wangu akavua kofia, akabaki nayo mkononi.

"Umejua lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Na umeninyamazia mpaka leo?"

"Nilikuwa nasubiri masikio yako," nikamwambia.

Na hilo nalo ikabidi niliseme mara mbili.