Daktari Mkubwa wa Mwaka wa Kwanza

Nina digrii ya biashara na mvi za kutosha, na kwa miaka mingi nilikuwa wakala wa forodha Malaba. Sasa nasomea digrii ya uuguzi. Juzi nilikuwa na mtihani wa kutandika kitanda mgonjwa akiwa amelala. Nikianguka, narudia muhula.

Nilifika wodini mapema, koti jeupe limepigwa pasi. Mzee niliyepangiwa akaziangalia mvi zangu.

"Daktari mkubwa, si leo naweza kwenda nyumbani?"

Nilipaswa kumwambia mimi ni mwanafunzi. Lakini cheo kilikuwa kitamu, nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyozoea kuwaruhusu madereva wa malori kule mpakani waondoke. Kisha nikaenda kuchukua mashuka.

Niliporudi na mwalimu wangu, dada wa rika la binti yangu, kitanda kilikuwa kitupu.

"Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Ameenda msalani," nikasema.

Mlango ukafunguka. Askari wa getini alikuwa amemshika mkono mzee, aliyekumbatia blanketi na sufuria yake.

"Niache, boss!" mzee akafoka. "Daktari mkubwa ameniruhusu. Si yule pale, amebeba mashuka!"